Kwa Mkono wa Baba

Isevya, Tabora
12 Februari 2024

Mwanangu Prosperi,

Mimi ndiye yule mama wa miwani aliyekuja wodini akagombana na muuguzi kwa sababu ya kiti. Jina langu Tunu Mfaume. Nilikuwa karani wa mahakama miaka ishirini na miwili, sasa ni msaidizi wa kisheria. Siruhusiwi kusimama mbele ya hakimu kukutetea, lakini hakuna aliyenikataza kuandika, na wapo wakubwa wanaojuta kutonikataza.

Tutaandikiana barua. Najua simu ipo. Simu haigongwi muhuri. Nimeona mashauri mengi yakifa kwa sababu mtu "aliambiwa kwa simu". Barua zipitie kwa Veneranda, muuza asali, anayekuja mjini kila wiki na basi la Ulyankulu.

Nakariri ulivyonieleza, nawe unisahihishe. Tarehe 21 Novemba, saa tatu asubuhi, ulikuwa zamu kwenye geti la mazao ya misitu, njia ya Usinge. Likaja lori lenye magogo ya mninga. Uliomba kibali. Dereva, Aleksi, akasema kibali kiko kwa tajiri wake, Gerson. Ukashusha bomba la geti. Akakanyaga mafuta. Bomba lilirudi na mkono wako wa kulia, na madaktari wakaukata chini ya kiwiko.

Nimeiandikia ofisi yako ya misitu ikupe wakili wa kusimama nawe mpaka shauri liishe. Ukichelewa kazini siku mbili, ofisi hiyo ina mwanasheria wa kukutungia barua ya onyo. Umevunjwa mkono ukilinda miti yake, mwanasheria hayupo! Njia hii yetu ndiyo waliyopita wapagazi wa misafara. Mpagazi akianguka, mzigo ulipata mbebaji mwingine kabla jua halijapanda, na yeye aliachwa njiani. Msafara haukusimama. Usidhani mambo yamebadilika kwa sababu siku hizi mpagazi anavaa sare.

Na huyo atakayekuandikia, mwambie aandike unayosema wewe, si anayoona yanafaa.

Tunu Mfaume

*

Kanindo, Ulyankulu
25 Februari 2024

Mama Tunu, shikamoo.

Tumsifu Yesu Kristo. (Hilo ni la baba. Nimemwambia mama huyu ni Mwislamu, akasema salamu haijawahi kumuumiza mtu.)

Anayeniandikia ni baba yangu, Reveriani. Ni katekista na mwandiko wake unasifiwa Ulyankulu nzima. Nasema, anaandika, halafu ananisomea. Mara nyingine anaandika kwanza ndipo ananiuliza kama ndivyo nilivyotaka kusema.

Ulivyokariri ni sawa, ila sikushusha bomba kwa hasira kama Aleksi alivyowaambia polisi. Nilishusha kama ninavyoshusha kila siku.

Wiki iliyopita walikuja wawili kutoka ofisini. Nilifurahi, nikamwambia mke wangu achemshe chai. Kumbe wamefuata sare na buti. Niliwauliza habari ya wakili. Yule mrefu akasema, "Prosperi, sikiliza, aliyekuumiza si sisi." Nikamwambia yeye ni .............. (Hapa kasema neno ambalo katekista haandiki. — Reveriani.)

Mama, Aleksi namjua. Kwao na kwetu ni barabara moja, tumecheza mpira pamoja, na yeye alikuwa kipa mbovu. Simchukii. Ninachotaka ni kimoja: mtu asimame mahakamani aseme Prosperi alikuwa kazini, na iandikwe. Huku tayari wanasema nililewa nikagongwa njiani. Mkono haurudi, najua. Iandikwe tu kwamba nilikuwa kazini.

Mwanao,
Prosperi Nizigiyimana

*

Isevya, Tabora
18 Machi 2024

Mwanangu Prosperi,

Marahaba. Na mwambie baba, milele amina. Nimesoma kwa masista, hanitishi.

Ofisi imejibu. Mistari minne. "Kwa kuwa madhara yalisababishwa na mtu wa tatu, ofisi haioni wajibu wa kugharimia uwakilishi." Mtu wa tatu! Wa kwanza ni wao waliokutuma, wa pili ni wewe uliyetumwa, na wote wawili wangekuwa nyumbani salama kama si huyo wa tatu. Kwani mlinzi hulindia nini kama si watu wa tatu? Nilitegemea wangesema mkono ulijikata wenyewe. Nimewajibu kwa kurasa tano na nakala nimepeleka kila mlango wenye kitasa.

Sasa sikiliza kwa makini. Shauri la Aleksi litatajwa tarehe 6 Mei. Mwendesha mashtaka anakutegemea wewe. Gerson anajua hivyo. Wenye malori hawaji na mapanga. Wanakuja na mbuzi, kreti ya soda na mzee anayelia. Pokea salamu zao, uwape viti, uwape maji. Karatasi usiitie sahihi. Hata ikiwa ni karatasi ya kufungia vitumbua.

Na lile neno baba alilokata niandikie pembeni. Ninalihitaji kwa matumizi yangu.

Tunu Mfaume

*

Kanindo, Ulyankulu
9 Aprili 2024

Mama Tunu,

Salamu katika Bwana. Hali yangu inaendelea vizuri na kidonda kimefunga.

Nimetafakari sana jambo la kesi. Tumefundishwa kusamehe saba mara sabini. Dereva yule naye ana wazazi wanaomtegemea. Naona ingefaa shauri lisiharakishwe, na ikiwezekana watu wapatane nyumbani kama ilivyo desturi. Sisi huku ni watu tuliopokewa, hatukuzoea kusumbua mahakama.

Usijisumbue kuja Ulyankulu kwa sasa. Barabara ina matope mengi.

Nakushukuru kwa juhudi zako zote. Mungu akulipe.

Wako mtiifu,
Prosperi Nizigiyimana

*

Isevya, Tabora
17 Aprili 2024

Prosperi,

Matope gani? Veneranda amefika jana na vumbi mpaka kwenye kope.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Haina tusi hata moja lililokatwa. Mtu aliyeniandikia Februari alikuwa na mkono mmoja na ulimi mzima. Huyu wa Aprili naona amekatwa na ulimi. Walikuletea nini? Mbuzi? Bati za kuezekea? Maana najua harufu ya barua ya mtu aliyepozwa, nimezipokea dirishani kwangu miaka ishirini na miwili. Zote zina "nimetafakari". Zote zina "juhudi zako".

Msamaha ni wako, samehe mpaka uchoke. Lakini wewe ulisema unataka iandikwe kwamba ulikuwa kazini. Hilo halikuwa lako peke yako. Kuna askari wangapi wamesimama kwenye mageti hayo leo, wakisubiri kujua kama mtu akivunjwa kuna atakayesimama naye? Umewauza na wao. Ukiwa mwoga, sema "mimi ni mwoga," nitakuelewa. Usinifunike kwa maandiko.

Nasubiri jibu la mwanamume.

Tunu Mfaume

*

Kanindo, Ulyankulu
1 Mei 2024

Bi Tunu,

Tumsifu Yesu Kristo. Anayeandika ni Reveriani, na maneno ni ya Reveriani.

Barua yako ya mwisho Prosperi hajaiona. Niliipokea mimi kwa Veneranda, nikaisoma, nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Matusi yale yalikuwa yangu na nimeyapokea. Barua ya matope ilikuwa yangu pia. Hakusema neno hata moja kati ya yale.

Mwaka sabini na mbili nilikuwa na miaka sita. Tulipofika mto Malagarasi tukikimbia mauaji ya kwetu, mama yangu alikuwa na mdogo wangu mgongoni na mimi nilikuwa wa ziada. Babu yake Aleksi alinibeba. Maji yalimfika kidevuni. Mzigo wake wa nguo aliutupa ili anibebe mimi. Maisha yangu yote nimepita mbele ya nyumba yao nikiwa na deni lisilotajwa.

Jumatatu ya Pasaka walikuja na chungu cha pombe ya ndizi. Alikuja baba yake Aleksi, akaja na mwenyekiti wa kijiji, na Gerson. Prosperi alikuwa kliniki na mkewe. Wewe mtu wa mjini pengine hujui: kwetu wenye ugomvi wakitia mirija kwenye chungu kimoja, chuki imekwisha. Kesi ni kitu kingine, nilijua, lakini chuki nilitaka iishe. Kabla hatujanywa Gerson akatoa karatasi. Nilisoma ukurasa wa mbele. Ulikuwa na maneno ya amani, mazuri, kama mahubiri. Baba yake Aleksi alikuwa ameshashika mrija, ananisubiri. Kwetu haiwezekani kumweka mtu na mrija mdomoni huku unasoma karatasi. Ni kumwambia mbele za watu kwamba humwamini. Mtoto wa mtu aliyenivusha! Wakasema, "Katekista, si wewe unayemwandikia Prosperi? Mwandikie na hapa."

Nikamwandikia. Nimewaandikia nusu ya kijiji hiki tangu nikiwa kijana. Anayejua kalamu humwandikia asiyeweza, na chini huweka jina la mwenye maneno. Barua zake kwako niliziandika hivyohivyo. Sikuona tofauti.

Ukurasa wa nyuma niliusoma kesho yake, kwenye nakala waliyoniachia. Ukurasa huo unasema siku ile Prosperi hakuwa zamu. Unasema alisimama katikati ya barabara kuomba lifti.

Mimi ni katekista, Bi Tunu. Nafundisha watoto amri ya nane, usiseme uongo. Tena uraia wetu tumeupata juzi, karatasi yake iko sandukuni, na nikisikia neno polisi miguu inaukumbuka mto. Nakuomba usimwambie mwanangu.

Reveriani

*

Isevya, Tabora
8 Mei 2024

Mwanangu Prosperi,

Barua hii Veneranda ameapa kuitia mkononi mwako mwenyewe. Nimeweka ndani barua mbili: ile niliyokutukana, na ya baba yako ya Mei mosi. Anza na ya baba yako. Aliniomba nisikwambie. Nimemkatalia, kwa sababu wewe ndiye uliyepoteza mkono, si sisi wawili tunaogombania maneno yako.

Umeshazisoma? Basi naomba radhi. Sijalizoea neno hili.

Juzi mahakamani upande wa Aleksi ulitoa karatasi ya Gerson. Nakala nimeiona, jina lako chini yake, mwandiko mzuri kuliko wa hakimu. Umeitwa tarehe 11 Juni useme kama sahihi ni yako. Yote yako hapo. Ukisema si yako, karatasi inakufa, shauri linaishi, na itaandikwa kwamba ulikuwa kazini. Mimi ninazo barua zenye mwandiko uleule. Nikizitoa hakuna atakayebisha. Lakini wataniuliza ni mwandiko wa nani, nami nitajibu, na mwenye mwandiko atashtakiwa kwa kughushi. Nitamtafutia wakili. Nitasema alidanganywa, na ni kweli alidanganywa. Siwezi kukuapia kwamba watanisikia.

Ukisema ni yako, hukuwa zamu. Utakuwa umesema mwenyewe, kwa kinywa chako, na ofisi itaufunga mlango na kuupigilia misumari.

Unajua mimi ningefanya nini. Mimi ningepigana. Lakini baba yangu amelala Isevya miaka kumi na minne, hakuna anayeweza kumfunga.

Habari moja njema: wamenyoosha mikono! Baada ya barua yangu ya sita ofisi imeandika kwamba tarehe 11 itamleta wakili wake. Nimeisoma nikasimama peke yangu chumbani kama mwehu. Hutakuwa peke yako.

Barua za baba sitazitoa bila neno lako. Mwambie mtu yeyote akuandikie neno hilo, asiwe yeye.

Tunu Mfaume

*

Isevya, Tabora
12 Juni 2024

Prosperi,

Mwezi mzima sikupata neno. Nikajiambia ananyamaza kwa sababu ameamua kupigana na hataki baba ajue. Mimi huyu, niliyewasoma watu dirishani maisha yangu yote.

Jana nilikaa benchi la nyuma. Baba yako alikuwa mbele yangu, koti lake la Jumapili limepigwa pasi mpaka linang'aa. Hakimu akauliza, "Ulitiaje sahihi nawe mkono huna?" Ukajibu, "Ninao mwingine, mheshimiwa." Watu wakacheka. Hata mimi nilitabasamu, nikadhani sasa anaanza kuwachapa. Hakimu akakupa kalamu. Ukaandika jina lako kwa mkono wa kushoto, taratibu, na karani akaiweka karibu na ile ya Gerson. Ile N yenye mkia wa kwenda chini. Ile z yenye mstari katikati. Zilikuwa pacha. Nikaona shingo ya baba yako ikiinama, ikainama mpaka sikuona tena kichwa.

Na wakili wa ofisi! Miezi minne nimemwomba, nimemdai, nimemlilia. Alikuja. Suti nzuri. Hakukusalimia, Prosperi, nilikuwa natazama. Alisimama mara moja kusema kwamba ofisi haina shaka na maelezo ya mtumishi wake kuwa hakuwa kazini, na inaomba yaingie kwenye kumbukumbu. Akakaa. Mtumishi kapata wakili hatimaye: wa kusaidia kumzika.

Aleksi akaachiwa. Gerson akanipita mlangoni, akasema, "Mama, mambo ya familia hayo." Nikajikuta namshikia mlango. Hilo halijawahi kunitokea.

Nimeona watu wengi wakisema uongo kizimbani ili wapate kitu. Wewe ndiye wa kwanza niliyemwona akisema uongo ili akose. Nimekasirika, na hasira yangu sijui niipeleke mlango gani.

Ulijifunza lini kuandika?

Tunu Mfaume

*

Kanindo, Ulyankulu
23 Juni 2024

Mama Tunu, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Imenichukua siku tatu, kwa hiyo usiniombe nirudie. Ulipoona bahasha najua ulidhani ni ya baba.

Nilijifunza kwa wiki nne. Asubuhi baba akienda kufundisha watoto, nilichukua daftari lake la mafundisho nikafuatisha herufi zake. Mwanzoni zilikuwa kama kuku amepita. Siku moja alirudi mapema akanikuta. Sikuwahi kumwambia kwamba nimesoma barua yake kwako, kwa hiyo alidhani najifunza ili niwe nakuandikia bila kumsumbua. Alifurahi sana. Akaniambia mkia wa N usiuvute kwa nguvu, uuache uanguke. Kila asubuhi kabla hajatoka alinichongea penseli mbili.

Alielewa pale mahakamani tu, nilipoishika ile kalamu.

Tulirudi na basi moja mpaka Kanindo. Tulipofika akaenda kulala na koti. Tangu siku hiyo hajashika kalamu. Watu wanakuja na shida zao za barua, anawaelekeza kwangu. "Nendeni kwa Prosperi, mwandiko ni uleule." Wiki hii nimewaandikia wawili. Chini nimewaambia waweke dole gumba lao wenyewe.

Usiniambie nilifanya vibaya. Najua nilivyofanya. Yule mzee alivushwa mto na kusalia na deni lake miaka hamsini. Singeweza kuwa mimi wa kumrudisha majini. Lakini sikudanganyi kwamba moyo wangu umetulia. Juzi Aleksi alipita na lori, magogo yamejaa. Akanipungia mkono. Nikampungia huu uliobaki. Halafu nikakaa chini pale barabarani, mke wangu akaja kuniinua.

Geti la Usinge wamempangia askari mpya, Stela. Amepewa buti zangu, Veneranda amezitambua kwa kamba. Ule mzigo uliousema umepata mbebaji mwingine. Mtafute, mama. Mwambie akivunjwa asikubali kuandikiwa na mtu anayempenda.

Barua za baba zichome. Hii moja iweke kwenye faili, hata kama faili limefungwa. Ya mahakamani aliandika karani. Haya nimeyaandika mimi: tarehe 21 Novemba, saa tatu asubuhi, nilikuwa kazini.

Na wakili wa ofisi ni mbwa. Yule mrefu aliyechukua sare pia ni mbwa. Ndilo neno lile la Februari, uliniomba.

Baba amekaa hapa pembeni. Amesoma mpaka mstari huu. Hajakata neno.

Mwanao,
Prosperi Nizigiyimana